Matembezi ya vuli kwa watoto wanaosomea nyumbani Pemba

Swali: Assalaam alaykum. Tunawasomesha wanetu watatu nyumbani hapa Chake Chake. Wana miaka 6, 9 na 12. Ndugu yangu aliyeko Uingereza naye anawasomesha wanawe nyumbani, na kila ikifika Septemba hunitumia picha za matembezi yao: wanaokota majani mekundu, wanachuma tufaha, wanarudi na madaftari yamejaa. Mimi nikiwatoa wangu tunarudi tumeroa, tumechoka, na kesho yake nikiwauliza waliona nini wananijibu "bahari". Kuanzia Septemba mpaka Novemba niwapeleke wapi, na nifanye nini ili matembezi yawe masomo?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Picha za nduguyo zitazame, kisha ziweke pembeni. Kwao majani hupukutika kwa sababu mchana unafupika: London mchana wa Juni hupita saa 16, na wa Disemba haufiki 8. Mti ukihisi mwanga unapungua huvunja rangi yake ya kijani na kurudisha chakula chake ndani, ndipo njano iliyokuwa imefunikwa ikaonekana. Hapa Chake tofauti ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki dakika 45, kwa hiyo mti hauna cha kuhisi. Mtoto akitaka jani jekundu mpeleke chini ya mti wa mkungu. Huo huangusha majani yake mekundu bila kungoja Ulaya.

Kwetu miezi hiyo mitatu kinachobadilika ni upepo, maji na mvua. Upepo wa kusi unachoka, wa matlai unaingia na bahari inatulia, mvua za vuli zinafuata, na mashambani karafuu zinachumwa. Basi kosa la kwanza la wazazi wengi ni kupanga matembezi kwa siku ya wiki: "kila Alhamisi pwani". Alhamisi moja utakuta maji yamekupwa hadi mbali, Alhamisi ya pili yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, na watoto wanabaki kurusha mchanga. Panga kwa mwezi wa angani. Tarehe za Kiislamu mnazo ukutani tayari, na hizo ndizo ratiba ya pwani.

Hesabu yake ni hii. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi: karibu na tarehe 1 hadi 3, na tena 15 hadi 17. Siku hizo maji ya visiwa vyetu hukupwa kabisa asubuhi kati ya saa 4 na saa 5, na hujaa alasiri kama saa 10. Hiyo ni bahati kubwa kwa mwenye watoto, kwani siku za maji kutoka mbali zaidi ndizo siku yanapokupwa kwa saa inayofaa. Kila siku inayofuata saa ya kupwa inasogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Wakati wa bamvua husogea chini ya hapo, wakati wa maji mafu, yaani maji madogo yasiyotoka mbali, huruka hata zaidi ya saa nzima. Ikifika tarehe 8 au 9 maji yanakupwa alasiri, tena kidogo tu, na miamba haionekani. Siku hizo msihangaike na pwani. Mtoto wa miaka 12 apewe kazi ya kukisia saa ya kupwa kwa hesabu hii, aiandike jana yake, kisha ailinganishe na jedwali la maji au na neno la mvuvi. Hilo peke yake ni somo la wiki mbili. Bamvua za mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba ni miongoni mwa kubwa za mwaka mzima, kwa sababu jua wakati huo liko karibu na mstari wa ikweta. Mkikosa nyingine zote, hizo msizikose.

Sasa siku yenyewe. Tuseme maji yanafika chini kabisa saa 4:20. Watu wengi hutoka nyumbani saa 4. Wamechelewa. Mnatakiwa muanze kutembea juu ya mwamba saa 2:45, mfuate maji yanavyorudi, mfike mbali saa 4 na ushei, na itimiapo saa 4:20 nyuso zenu ziwe zimeshaelekea nchi kavu. Sababu ni jinsi maji yanavyopanda. Safari ya kujaa huchukua kama saa sita, lakini haiendi kwa mwendo mmoja. Ugawe mpando wote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3.6, saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30 tu, na hapo ndipo mtu hudanganyika akasema bado mapema. Saa ya tatu yanapanda sentimita 90, ambazo kwa mtoto wa miaka 6 ni kifuani. Na maji hayaji kwa mstari kutoka mbele. Hupita kwanza kwenye mifereji ya chini, ukageuka ukakuta mkondo kati yako na ufuko. Kabla ya kwenda mbali tazameni mifereji iko wapi, na mrudi kwa njia ile ile mliyokwendea.

Kinachofanya watoto wakumbuke "bahari" tu ni kwamba waliambiwa waangalie kila kitu. Wape swali moja. Swali zuri la kwanza: ni wapi kuna viumbe zaidi, karibu na ufuko, katikati, au karibu na mwamba wa nje? Chukueni kamba, pimeni mita 4, fungeni fundo kila mita moja, unganisheni ncha. Mkiivuta kwa pembe nne mnapata mraba wa mita moja kila upande. Kwa kila eneo rusheni jiwe dogo bila kutazama, wekeni mraba palipoanguka, hesabuni viumbe kwa dakika 10. Rudieni mara tatu kila eneo. Maeneo matatu kwa miraba mitatu ni dakika 90, ndiyo maana mnaanza saa 2:45. Jiwe hurushwa kwa sababu mtoto akiachiwa achague ataweka mraba palipo na kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, na hesabu yote itakuwa ya uongo. Mdogo ahesabu aina moja tu, tuseme kaa. Wa miaka 9 ahesabu kombe, majongoo ya bahari na viti vya pweza. Mkubwa aandike, na yeye ndiye mwenye saa.

Daftari la pwani liandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu hukimbia tone moja likiangukia, na mzazi akafika nyumbani na ukurasa wa buluu. Kata kipande cha ubao mwembamba kama ukubwa wa daftari, libane kwa raba mbili, ncha ya kamba ifungwe kwenye penseli. Viatu viwe vya kufunika vidole na vyenye soli nene. Raba kuukuu zinafaa, kandambili hazifai, kwani huvuka mguuni kwenye tope na mtoto anakanyaga pekupeku pale pale palipo na miiba. Wasichana wavae suruali nyepesi ndani na mtandio mfupi uliobanwa, maana kitambaa kirefu kikiroa maji huwa kizito na humwangusha mtu. Maji ya kunywa lita moja kwa kila mtoto, kofia, mihogo ya kuchemsha au ndizi. Vitu vitamu vinavyonata viacheni nyumbani, vinaleta kiu.

Beba pia chupa ya maji ya moto, ile ile ya chai. Hiyo ni dawa. Akichomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, au na samaki wa miiba ya sumu anayejilaza kama jiwe, mguu utiwe kwenye maji ya moto yanayovumilika, karibu nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikipangwa. Maji ayapime mtu mzima kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mtoto mwenye maumivu hajui kama anaungua. Ile miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya ngozi usiichimbue kwa sindano ufukweni. Inakatika vipande na kidonda kinachafuka. Na kuna konokono mmoja wa bahari wa kumwogopa kweli: ana umbo la koni ya karatasi ya njugu, kapambwa madoa mazuri, na hurusha mwiba wenye sumu inayoweza kuua. Kanuni ya nyumba iwe fupi: kombe lenye umbo hilo halishikwi, hata likionekana tupu. Aliyechomwa nalo afungwe bandeji ya kubana kiasi kuanzia vidoleni kupanda juu, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali hapo hapo. Hakuna kuchanja wala kunyonya sumu.

Jiwe lililogeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa, upande wa chini chini. Vilivyo chini ya jiwe vimezoea giza na unyevu. Vikiachwa juani saa nzima vinakufa. Mkipita penye mashamba ya mwani, zungukeni. Kamba zile zimefungwa kati ya vigingi kwa mkono, na mguu mmoja ukikwama unang'oa kazi ya wiki sita, kwani huo ndio muda wa kawaida wa mwani kukua hadi kuvunwa. Kinamama wa mwani nao hufanya kazi siku hizo hizo za bamvua, kwa hiyo mtawakuta. Salimieni kwanza, ombeni ruhusa, na waulizeni swali mlilolileta. Mara nyingi jibu lao litakuwa bora kuliko hesabu ya mraba.

Siku za maji mafu nendeni kwenye mikoko ya ghuba ya Chake, upande wa Wesha. Hapo hamhitaji maji yaende mbali, mnahitaji tope lionekane tu. Swali la siku: miti hii inapumuaje, na chumvi inakwenda wapi? Mkoko una mizizi ya kusimamia inayoteremka kutoka shinani. Mchu hutoa mizizi midogo iliyosimama wima juu ya tope, mamia kuuzunguka mti mmoja. Msinzi una mizizi inayopinda kama goti na kuzama tena. Mtoto akishaiona aina hizo tatu hatasema tena "mikoko" kwa ujumla. Kisha chukueni jani la mchu, lambeni upande wa juu: ni chumvi, mti unaitoa kupitia majani yake. Fanyeni hivyo siku ambayo haikunyesha, vinginevyo mvua imeshaisafisha na somo linaharibika. Jani la mkoko halina chumvi hiyo, kwa sababu mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Tope la hapo ni laini: anayezama hadi gotini asivutwe kwa nguvu, achezeshe mguu taratibu maji yaingie pembeni, utatoka wenyewe na kiatu chake.

Kazi ya tatu haihitaji gari wala ruhusa ya mtu, na kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote, hasa Pemba. Simamisheni kijiti cha mita moja uwanjani, palipo wazi. Kisimame wima kwa timazi: kamba yenye jiwe, iwe sambamba na kijiti ukitazama kutoka pande mbili. Kikiinama kidogo tu vipimo vyote vinaharibika, na hilo ndilo linalowaharibia wengi. Kila siku mnayoweza, karibu na saa 6 mchana, wekeni alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika tano kuanzia saa 6 kamili hadi saa 6:30. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha jua la utosi la siku hiyo. Mwanzoni mwa Septemba kitakuja kama saa 6:20, na mwanzoni mwa Novemba kama saa 6:05, kwa sababu jua halifuati saa ya ukutani sawasawa.

Tarehe 1 Septemba kivuli kifupi cha kijiti cha mita moja kitakuwa kama sentimita 24, na kitaelekea kusini. Tarehe 23 kitakuwa kama sentimita 9. Karibu na tarehe 6 Oktoba, yapata saa 6:09 mchana, kitapotea: jua liko juu ya utosi wa Chake. Baada ya hapo kitaanza kurefuka upande wa pili, kaskazini, na tarehe 6 Novemba kitafika kama sentimita 19. Sasa mwulize mkubwa: kaskazini ya hapa kuna nini? Chake Chake na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Longitudo ya Chake ni takriban nyuzi 39.8 na ya Makka ni hiyo hiyo. Kwa hiyo kuanzia Oktoba kivuli cha utosi kinaelekea kibla. Linganisheni na mihrabu ya msikiti wa mtaa, kwa adabu na baada ya sala. Mtoto atagundua kwa fimbo na uzi jambo ambalo wazee waliokuwa wakijenga misikiti walilihitaji, na hakuna kitabu cha Uingereza kitakachompa hilo.

Tukija kwenye karafuu. Nendeni shamba la mtu mnayemjua, asubuhi, siku ya kuchuma. Mtoto hapandi mti, hata kama mwenyeji anasema wake wanapanda. Matawi ya mkarafuu hukatika ghafla bila kulia, na wachumaji wazima huanguka kila msimu. Kazi ya mtoto iko chini: kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Mwonyesheni pia tofauti ya kichomozo: kinachofaa kuchumwa ni kile kilichonenepa na kuanza kuwa chekundu kidogo kabla hakijafunguka, kikishachanua kichwa kinadondoka na bei inashuka.

Swali la siku: karafuu inapoteza uzito kiasi gani ikikauka? Omba kwa mwenye shamba gramu 300 za mbichi zilizochambuliwa. Zianikeni kwenye kipande cha jamvi, tabaka moja, si lundo. Kila siku saa 10 alasiri zipimwe kwa mizani ile ile, zirudishwe ndani usiku. Jua likiwa zuri, baada ya siku nne au tano mtabaki na karibu gramu 100. Watoto wengi hukisia kwamba uzito utapungua sawasawa kila siku. Wakichora grafu wataona mstari unashuka kwa kasi siku mbili za mwanzo kisha unalala. Maji ya juu hutoka upesi, ya ndani yanasubiri. Karafuu iliyokauka ukiivunja inatoa mlio na haikunjiki. Kinachoharibu ni mvua ya vuli ya ghafla, na zaidi ni kuzilundika zikiwa mbichi usiku kucha: hupata joto, huchacha, zikikauka zinakuwa nyepesi na nyeupe-nyeupe. Unaweza kuwapa hilo kama jaribio: karafuu 20 kwenye jamvi, 20 kwenye mfuko uliofungwa, siku tatu, kisha walinganishe. Mkimaliza, zilizo nzuri mrudishieni mwenyewe. Karafuu kavu zinauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kila kilo ina hesabu yake.

Hapo hapo pana somo la hesabu ya zamani. Pishi moja ni vibaba vinne. Pimeni kibaba cha mbichi na kibaba cha kavu kwenye mizani; watoto wataona kwa nini kipimo cha ujazo na kipimo cha uzito havisemi jambo moja, na kwa nini mchumaji na mnunuzi wanaweza kugombana wote wakiwa wakweli. Na kama mkubwa akiuliza kwa nini karafuu ni za Pemba zaidi kuliko Unguja, sehemu ya jibu ni kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuigusa Pemba kidogo tu.

Kidike, kwa popo, ni safari ya jioni. Popo wa Pemba hapatikani penginepo popote duniani, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia kama mita moja na nusu. Mfike kama saa 11, wakiwa bado wananing'inia. Kuhesabu popo mmoja mmoja hakuwezekani, wafundishe kukisia. Wahesabu kumi kwa uangalifu, waone kumi wanachukua nafasi gani kwenye tawi, kisha wahesabu makumi. Kila mtoto afanye peke yake bila kusema, halafu majibu matatu yalinganishwe. Yakitofautiana sana, hesabuni tena tawi moja kwa pamoja. Oktoba jua linatua kama saa 12:12, na wanaanza kuruka kwenda kula karibu na hapo, kwa hiyo pangeni mapema mtaswali wapi magharibi. Mtu akijitolea kupiga makofi ili waruke mpate picha, mkataze: popo aliyeamshwa mchana anapoteza nguvu aliyoihifadhi. Msisimame chini yao na midomo wazi, msimshike aliyeanguka, na tunda lenye alama za meno yake haliliwi. Mikono kwa sabuni kabla ya chakula.

Nyumbani malizieni kwa beseni. Tieni mchanga, tengenezeni ukingo mmoja uwe bara, kisha vilima viwili. Kimoja kiunganishwe na bara kwa mchanga wa chini, hicho ni Unguja. Kati ya bara na cha pili chimbeni mtaro mrefu kwenda chini, kilima hicho cha pili ni Pemba. Tieni maji mpaka vyote viwe visiwa, halafu yapunguzeni. Unguja itaungana na bara, Pemba haitaungana. Ndivyo ilivyokuwa yapata miaka 20,000 iliyopita, bahari ilipokuwa chini kwa karibu mita 120: mkondo wa Unguja haufiki kina cha mita 100, na mkondo wa Pemba unapita mita 700. Wanyama walitembea wakafika Unguja. Pemba walifika wengi wao wenye mabawa, wakakaa peke yao mpaka wakawa aina yao wenyewe: popo huyu, na aina nne za ndege, akiwemo yule bundi mdogo wa msitu wa Ngezi. Mtoto mjanja atakuuliza kuhusu kima punju wachache wa Ngezi. Hao waliletwa na watu kutoka Unguja miaka ya 1970.

Mvua nayo msiikimbie, ipimeni. Tafuteni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka. Zile zenye kiuno hazifai, kwani milimita ya kiunoni si sawa na ya tumboni. Kateni pale bega linapoanza, kichwa kipinduliwe kiwe faneli ndani ya chupa. Chini tieni kokoto na maji mpaka kile kitako chenye mabonde kifunikwe, hapo ndipo sifuri. Bandikeni kipande cha karatasi chenye milimita, kifunikwe kwa gundi ya uwazi. Chupa isimikwe ndani ya kopo la mchanga, mbali na ukuta mara mbili ya urefu wake: nyumba ya mita 4, chupa iwe mita 8. Kosa la kawaida ni kuiweka karibu na paa ikapokea matone ya bati, na mtoto akaandika mvua ya kimbunga. Isomwe saa 3 asubuhi kila siku, saa ile ile ya vituo vya hali ya hewa, na irudishwe sifuri. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 10 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 1,200. Toa moja ya tano inayopotea, zinabaki ndoo 48 za lita 20. Wa miaka 9 aifanye hesabu hiyo mwenyewe, kisha aende akatazame pipa lenu limepokea ndoo ngapi na mfereji wa bati unavuja wapi.

Kuhusu uchovu: mtoto wa miaka 6 ana saa tatu za faida kutoka mlangoni hadi mlangoni, na gari ya shamba imo humo. Zaidi ya hapo anabebwa, na anayebeba ni wewe. Matembezi makubwa manne kwa mwezi yanatosha: pwani mara mbili kwa bamvua mbili, mikoko mara moja, na karafuu au popo mara moja. Kijiti na chupa ni vya kila siku, dakika kumi. Chuo cha jioni, cha Qur'ani, kisiguswe. Watoto wakianza kukosa chuo kwa sababu ya matembezi, bibi zao watayapinga na wana haki.

Na jibu la swali la siku liandikwe siku ile ile, baada ya kuoga na kula, kabla ya alasiri kuisha. Kwa safari ya popo, asubuhi yake kabla ya jambo jingine. Mdogo achore na kutaja, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema. Wa kati ajaze jedwali. Mkubwa aandike sentensi tano: swali, tulifanya nini, tulipata nini, nini kilikwenda kombo, tutabadilisha nini safari ijayo. Sentensi ya nne asiruhusiwe kuiruka. Usiku, baba au bibi ambaye hakwenda aulize swali lile lile la siku badala ya "mliona nini". Akiulizwa kaa walikuwa wengi wapi, hata huyo wa miaka 6 atajibu.

Anzeni na mwezi utakaoandama karibu na mwisho wa Septemba. Siku mbili kabla, muulizeni mvuvi wa pwani mnayotaka kwenda mifereji yake iko upande gani, na upepo wa asubuhi ukoje. Kusi ikiwa bado inavuma kwa nguvu, pwani ya mashariki iacheni mpaka bamvua inayofuata, mwende upande wa magharibi.